Makaburi ya Nyeri na Yetu

Watoto wetu husoma habari za Piramidi Kuu ya Giza, mlima wa mawe wenye kimo cha mita 146 ulipojengwa, kwa ajili ya Firauni mmoja, Khufu. Wazazi wawasimulie na Nyeri. Huko, chini ya Mlima Kenya, amezikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliyefariki Januari 8, 1941. Juu ya jiwe lake pamechongwa duara lenye nukta katikati, alama ya maskauti yenye maana ya "nimekwenda zangu nyumbani". Nyeri hiyo hiyo, katika kanisa la kumbukumbu la Waitaliano, amelazwa mwanamfalme Amedeo wa Aosta, aliyefia utekani Nairobi mwaka 1942. Amezungukwa na mabaki ya askari wake zaidi ya 600.

Nasi wa Pwani tusijitoe. Makaburi ya nguzo ya Malindi na Gede ni ya wazee wetu Waislamu, ingawa tumekatazwa kujenga juu ya kaburi. Hata leo twazijua nyumba ambamo mali ya mayatima imeishia kwenye marumaru ya kaburi la baba, kabla ya madeni yake kulipwa. Fundi amekwishapokea ujira wake. Mwenye duka aliyewakopesha unga angali anangoja.