Mbwa mnene na mbwa mwenye njaa, wote ni hasara kwa mfugaji wa Same

Katika mji wa Same, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Dar es Salaam, mbwa wa kulinda duka au ghala hufungwa mnyororo mchana kutwa. Jioni hupewa ugali uliobaki nyumbani, viazi vya kukaanga vilivyokataliwa na wateja, na mandazi ya jana kutoka kwa mama lishe wa jirani. Nje ya mji, kwenye tambarare za Makanya na Hedaru, mbwa anayefuata mbuzi malishoni tangu asubuhi hurudi jioni na kupewa makoko ya sufuria. Siku ambayo hayakubaki makoko, hujitafutia mwenyewe.

Wa kwanza ananenepa na wa pili anakonda. Kwa haraka mtu ataona kuwa haya ni matatizo mawili tofauti, lakini chanzo chake ni kimoja: mbwa analishwa kwa kufuata kilichobaki na si kwa kufuata anachohitaji. Mfugaji anayejua idadi ya debe za pumba zinazotumiwa na kuku wake kwa mwezi, mara nyingi hajui mbwa wake anakula kiasi gani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mbwa wa ulinzi naye ni mali.

Hesabu ya gunia moja

Mbwa mkubwa wa uzito wa kilo 20, asiyefanya kazi nzito, huhitaji nishati ya kalori 1,050 hivi kwa siku. Gramu 100 za unga wa mahindi hutoa kalori zipatazo 360. Hivyo gramu 300 za unga, au chakula kikavu kinacholingana nao, zinamtosha kwa siku nzima kwa upande wa nishati. Kwa mwaka ni kilo 110, yaani gunia moja na kidogo. Mbwa wengi wa kienyeji wana uzito chini ya huo, na mahitaji yao ni madogo zaidi.

Wengi hukosea katika kukadiria ugali. Kilo moja ya ugali uliopikwa ina unga wa gramu 300 hivi. Kinachobaki ni maji. Kwa maana hiyo, mbwa wa kilo 20 aliyepewa kilo moja ya ugali tayari amemaliza nishati ya siku hiyo. Chochote kinachoongezwa juu yake hugeuka kuwa mafuta mwilini, hasa kwa mbwa aliyefungwa asiyetembea.

Tuseme mbwa huyo anapata nusu zaidi ya kiwango, yaani sawa na gramu 450 kwa siku. Kwa mwaka zinakuwa kilo 164. Ziada ni kilo 54, zaidi ya nusu gunia, na ziada hiyo haimwongezei mwenye mbwa ulinzi wowote. Badala yake anapata mlinzi mzito, anayehema kwa shida wakati wa joto, anayelala mwizi anapopita, na ambaye viungo vyake vitaanza kuuma kabla ya wakati.

Mwaka 2002 yalichapishwa nchini Marekani matokeo ya utafiti uliofuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote. Kundi moja lilipewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao. Umri wa kati wa kundi hilo ulikuwa miaka 13, wakati waliokula zaidi ulikuwa miaka 11.2. Aidha, maradhi ya viungo yaliwachelewa waliokula kwa kiasi. Kwa mwenye duka, karibu miaka miwili zaidi ya mbwa aliyekwisha kuzoea kazi si jambo dogo, kwani kulea na kuzoesha mtoto wa mbwa kunaanza upya kila anapokufa mkubwa.

Zawadi ndogo zinazojaza tumbo

Kipande cha chapati anachotupiwa mbwa na kila mtoto anayepita hakihesabiwi na mtu. Hata hivyo, andazi moja la gramu 60 lina kalori zipatazo 200, karibu moja ya tano ya mahitaji ya siku ya mbwa wa kilo 20. Wataalamu wa lishe ya wanyama wanashauri vitu vya kumfurahisha mbwa visizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mbwa huyo ni nusu andazi tu, na kiasi hicho kipunguzwe kwenye chakula chake cha jioni.

Njia rahisi ni kutenga asubuhi sehemu ndogo ya chakula chake cha siku hiyo na kuitumia kama zawadi. Kipande cha karoti au cha tango nacho kinafaa, kwani hakina nishati nyingi. Mchuzi wenye vitunguu mbwa asipewe kabisa, kwa kuwa vitunguu huharibu damu yake. Mifupa iliyopikwa nayo ni hatari. Huvunjika vipande vyenye ncha na kuchoma utumbo.

Njaa nayo ina gharama

Kwa mbwa wa malishoni tatizo liko upande wa pili. Mbwa anayetembea na mifugo siku nzima anaweza kuhitaji mara moja na nusu ya chakula cha yule aliyefungwa dukani, na pengine zaidi. Jike anayenyonyesha anaweza kuhitaji mara mbili hadi nne ya kiwango chake cha kawaida. Asipokipata nyumbani, atakitafuta kwa majirani: mayai, vifaranga, na hatimaye mtoto wa mbuzi. Fidia ya mtoto mmoja wa mbuzi yaweza kuzidi gharama ya kumlisha mbwa huyo kwa miezi kadhaa, na uhusiano na jirani hauna bei.

Mbwa anayezurura hukutana na mbwa wengine na wanyama wa porini. Kwa wilaya inayopakana na Mkomazi, pori la akiba lililopandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008, hili lina uzito wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kuwa kichaa cha mbwa kilikuwa kikiua watu wapatao 1,500 kwa mwaka nchini Tanzania. Shirika la Afya Duniani na washirika wake wameweka lengo la kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kinachoenezwa na mbwa ifikapo mwaka 2030. Chanjo ndiyo kinga ya kwanza, na chakula hakiwezi kuchukua nafasi yake. Lakini mbwa aliyeshiba nyumbani ana sababu chache za kuzurura, na ni rahisi kumpata siku ya chanjo.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama kumtunza kwa chakula na maji na kutomsababishia mateso.

Ugali mtupu hautoshi

Nishati peke yake haimjengi mbwa. Unga wa mahindi una protini ya asilimia 8 hivi, wakati chakula kikavu cha mbwa mkubwa kinatakiwa kuwa na angalau asilimia 18. Ndiyo maana mbwa anayekula ugali mtupu anaweza kuwa na tumbo kubwa huku mgongo umekonda.

Dagaa wakavu wana protini ya asilimia 60 hivi. Ukichanganya sehemu nne za unga na sehemu moja ya dagaa, unapata mchanganyiko wa protini ya asilimia 18. Kwa mbwa wa kilo 20 ni gramu 240 za unga na gramu 60 za dagaa kwa siku, yaani kilo 88 za unga na kilo 22 za dagaa kwa mwaka. Kwa kuwa dagaa huliwa na mifupa yao, wanaongeza pia madini ya chokaa. Mchanganyiko huu si chakula kamili kwa kila kitu, lakini unaushinda ugali mtupu kwa mbali.

Dagaa wakipanda bei, mfugaji anaweza kutumia utumbo wa kuku, au damu kutoka machinjioni, vyote vikiwa vimepikwa. Ini na mapafu yenye mavimbe ya maji yasitupiwe mbwa hata kidogo. Ndani ya mavimbe hayo kuna vijidudu vya tegu ambavyo hukua tumboni mwa mbwa; mayai yake hutoka na kinyesi, yakarudi kwa mbuzi, ng'ombe na hata watoto wa nyumbani. Viungo hivyo vichomwe au vifukiwe kwenye shimo refu.

Vivyo hivyo kwa mahindi yaliyoota ukungu. Wakulima wengi huyaona hayafai kwa watu, wakayasaga kwa ajili ya mbwa. Sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na mwaka 2016 ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi na sumu hiyo, ambayo hushambulia ini, na kupika hakuimalizi.

Kupima bila gharama

Mfugaji hahitaji chombo cha hospitali. Mizani inayotumika kupimia gunia inatosha: simama juu yake ukiwa umembeba mbwa, kisha jipime peke yako na utoe. Andika uzito huo kila mwezi.

Mikono nayo ni mizani. Pitisha vidole ubavuni. Mbavu zikihisika kwa urahisi bila kuonekana zote kwa macho, mbwa yuko sawa. Zisipohisika hata ukibonyeza, amenenepa. Zikihesabika kwa mbali, amekonda. Ukimtazama kutoka juu, kiuno kionekane nyuma ya mbavu.

Aliyenenepa apunguziwe chakula kidogo kidogo na afunguliwe atembee, lengo likiwa kupungua asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki. Kwa mbwa wa kilo 25 ni gramu 250 hadi 500. Kumshindisha njaa ghafla si tiba. Aliyekonda ingawa anakula vizuri apewe dawa ya minyoo na aonwe na ofisa mifugo wa kata.

Baada ya hapo kinachotakiwa ni bakuli moja la kupimia, lile lile kila siku, na mtu mmoja nyumbani mwenye jukumu la kulisha. Mwenye duka wa Same ataokoa zaidi ya nusu gunia kwa mwaka. Mwenye mbuzi wa Makanya huenda akatumia zaidi kuliko anavyotumia sasa, lakini atalala akijua mlinzi wake yuko zizini, wala hayuko kwenye banda la kuku la jirani.