Stima ikipotea, chunga hotspoti yako

Unakumbuka usiku wa Agosti 25, 2023, giza lilipotanda karibu Kenya nzima? Hata kuishi Embu, jirani na mabwawa ya Kamburu na Gitaru yanayozalisha stima, si kinga. Siku kama hiyo, kuanzia Maua hadi Runyenjes, kila asilimia ya chaji ni mali.

Sasa tuseme unamrushia rafiki filamu ya MB 700, simu kwa simu, bila bando. Kwa Bluetooth, utangoja zaidi ya nusu saa, simu ikichapa kazi muda wote huo. Wi-Fi Direct hula moto zaidi kila sekunde, lakini humaliza kwa dakika chache kisha ikatulia. Kwa mzigo mkubwa, anayemaliza mapema ndiye hula chaji kidogo. Kwa picha moja tu, Bluetooth yatosha.

Sogeleaneni pia: mkiwa mbali, data hupotea njiani na kurushwa upya. Mkimaliza, zima hotspoti. Ikiwa wazi, hujitangaza takriban mara 10 kwa sekunde, hata kama hakuna aliyejiunga.

Chaji utakayookoa ndiyo utakayompigia mamako usiku kumwambia umefika salama.