Macho, Masikio na Haki

Wahenga walisema kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Neno hili ni jema kwa mtoto aliyetumwa kutafuta mbuzi aliyepotea, lakini limepewa kazi isiyo yake. Hutumiwa kufunga kila hoja: mtu akisema ameona kwa macho yake na kusikia kwa masikio yake, wasikilizaji hunyamaza kana kwamba kweli yenyewe imenena. Wahenga hao hao walisema pia kuwa lisilokuwapo moyoni halipo machoni. Methali hii ya pili hukumbukwa mara chache, ingawa ndiyo iliyo karibu zaidi na elimu, na ingawa kuisahau kwaweza kumpeleka asiye na hatia gerezani.

Mji wa Arusha ni mahali pafaapo kulipimia jambo hili. Juu yake umesimama Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,566. Asubuhi baada ya mvua, hewa ikiwa safi, mgeni huuona mlima uko karibu, akadhani aweza kuufikia na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Wakati wa kiangazi, vumbi likitanda, mlima ule ule huonekana umerudi nyuma. Mlima haukuhama. Jicho halina kamba ya kupimia. Hukisia umbali kwa dalili, na moja ya dalili hizo ni wangavu au ufifi wa kitu kitazamwacho. Basi kuona si kupokea tu, bali ni kukisia. Na makisio huweza kuwa ya kweli au ya kosa.

Katika mji huo huo makisio ya jicho yalipata kuwekwa katika mizani ya sheria. Kuanzia 1995 hadi 2015, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikuwa na makao yake Arusha. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimhukumu Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ndogo ya Taba. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Ndani yake majaji walieleza kuwa baadhi ya mashahidi walipata taabu kutaja tarehe, saa na umbali, na kwamba hawakuzoea ramani, filamu na michoro ya mahali. Waliona pia kuwa habari iliyosikiwa kwa mtu mwingine mara nyingine ilisimuliwa kama iliyoonwa na msimulizi mwenyewe. Hata hivyo majaji hawakuyahesabu hayo kuwa uongo. Mtaalamu wa lugha, Mathias Ruzindana, aliwaeleza kuwa Wanyarwanda ni kama watu wengine wote: waweza kutenga bayana walichokiona na walichokisikia.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Lakini wako wasomi waliochukua funzo potofu katika mambo ya namna hii. Husema kwamba udhaifu wa macho na masikio ni udhaifu wa mtu wa shamba, asiyesoma ramani wala kutazama saa. Na kwamba msomi, kwa kuwa amesoma, huona mambo kama yalivyo. Dai hili ni kiburi kilichovaa joho la elimu, wala halina ushahidi.

Mwaka 1889 Franz Müller-Lyer alichora mistari miwili iliyo sawa kwa urefu, mmoja ukiwa na vichwa vya mishale vilivyoelekea ndani na mwingine vilivyoelekea nje. Mistari ni sawa, ila jicho huapa kuwa mmoja ni mrefu. Mwaka 1966 Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits walichapa kitabu cha uchunguzi walioufanya kwa michoro kama hiyo katika jamii nyingi, zikiwamo za Ankole na Toro nchini Uganda. Nani aliyedanganywa zaidi? Si Mnyankole wala mwindaji wa Kalahari. Waliodanganywa kuliko wote walikuwa watu wa Evanston, mji wa chuo kikuu nchini Marekani. Lakini wawindaji wa Kalahari takriban hawakudanganywa kabisa. Wataalamu hao walidhani sababu ni kukulia katika nyumba na mitaa ya pembe mraba. Sababu hiyo ingali ikibishaniwa; lakini kipimo chenyewe chatosha kuvunja kiburi. Shule haikulinyosha jicho. Yamkini maisha ya mjini yalilipinda kwa namna yake.

Sikio nalo halikusalimika. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald waliwaonyesha watu midomo ikitamka “ga” huku sauti iliyosikika ikiwa “ba”. Walio wengi katika watu wazima walisikia “da”, silabi ambayo haikutamkwa na yeyote. Tena, mtu akielezwa hila hiyo haiondoki. Na aingiapo katika soko la Arusha mtu aliyelelewa kwa Kiswahili cha pwani, akawasikia Waarusha wakisema Kimaa, hukuta irabu tisa ambapo sikio lake limezoea tano, na kupanda na kushuka kwa sauti kunakomtenga mtenda na mtendwa. Yeye hukosa kuyasikia haya, kisha hucheka jinsi wenzake wanavyotamka Kiswahili. Anayestahili kuchekwa ni nani?

Hata swali laweza kuharibu alichokiona mtu. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi wa chuo kikuu filamu za magari yakigongana. Walioulizwa kwa neno la kupondana walikisia mwendo wa zaidi ya maili 40 kwa saa. Walioulizwa kwa neno la kugusana walikisia maili 31.8. Hao hawakuwa watu wasiojua kusoma.

Sheria ya Tanzania yenyewe imekwisha kulijua hili. Katika shauri la Waziri Amani la 1980, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kosa umeondolewa. Na kwamba yapasa kuuliza shahidi alitazama kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa nuru gani, na kama alimjua mtu huyo kabla. Haikusema waulizwe wakulima tu. Maswali hayo yampasa mchungaji wa Oldonyo Sambu na profesa pia, kwa kuwa wote wawili hutazama kwa macho yanayokisia.

Basi aibu si kukosea katika kuona. Aibu ni kukataa kuulizwa. Vyuo vifundishavyo sheria bila kufundisha jinsi jicho na sikio vinavyofanya kazi huwapa mahakimu mizani wasiyojua kosa lake. Na msomi anayemdhania mtu wa shamba kuwa ndiye pekee mwenye macho ya kukosea amekwisha kutoa mfano wa kosa lenyewe: ameona lililokuwamo moyoni mwake.