Mteja Aliyetaka Sukari

Kwa wengi jenereta ni ile mashine inayonguruma nyuma ya duka umeme ukikatika. Kwetu sisi tunaoandika JavaScript ni fanksheni yenye nyota, inayoweza kusimama katikati ya kazi kwenye neno yield, ikasubiri, kisha ikaendelea palepale ilipoishia. Na kila nikikaa na vijana wa fani hii nasikia wimbo uleule: jenereta ilikuwa kiraka tu. Tangu neno await liingie kwenye kiwango cha lugha mwaka 2017, futa nyota, kila yield iwe await, kazi imekwisha.

Haijaisha. Mahali nilipowahi kufanya kazi tulifanya "usafi" huo kwenye kisanduku cha kutafutia bidhaa. Mteja akiandika "su", ombi linakwenda. Akimalizia "sukari", linakwenda jingine. Zamani msimbo ulioendesha jenereta uliita return() ya jenereta ya kwanza: ikakomea kwenye yield yake, na sehemu ya finally ikazima alama ya kusubiri. Baada ya usafi hakukuwa na wa kuikomesha. Jibu la "su" likachelewa njiani, likaja kukalia jibu la "sukari". Mtu anataka sukari, anaonyeshwa sufuria.

Maktaba ya co, ya TJ Holowaychuk, ilifanya kazi hii ya kuendesha jenereta waziwazi: inaita next(), inapokea ahadi (Promise, yaani jibu litakalokuja baadaye), inaingoja, inarudisha thamani ndani, ahadi ikivunjika inaita throw(). Tangu toleo la 4, anayeiita co anapewa ahadi. Usukani unapotea hapo. Jenereta yenyewe imefungiwa ndani, na ahadi ya JavaScript haina breki. Tunasema ahadi ni deni. Hili hata mdai mwenyewe hawezi kulisamehe. Await ni dereva yuleyule, ila sasa amejengewa ndani ya lugha na mlango umepigwa kufuli.

Najua nitatajiwa AbortController, inayotuma ishara ya kukatisha ombi. Ipo, na naitumia. Lakini ishara yake lazima uipitishe mkono kwa mkono hadi fanksheni ya mwisho, na akisahau mmoja tu, sufuria zinarudi.

Kusoma faili na kuhifadhi rekodi, await inatosha kabisa. Sina ugomvi hapo. Ila waliounda maktaba ya redux-saga hawakushikilia nyota kwa uvivu wa kujifunza. Walitaka kazi inayoweza kukatishwa na mtu aliye nje yake.

Kisanduku chetu tulikirudishia nyota yake Ijumaa jioni. Aliyeifuta ndiye aliyeirudisha, kimya kimya.