Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Udahili na mkopo vitangazwe pamoja

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Mimi ni mkulima wa korosho kutoka Newala, na binti yangu alipata nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo kikuu cha umma. Nakuandikia hadharani kwa sababu yaliyotukuta sisi yanawakuta wazazi wengi kila mwaka, nao huishia kulalamika vijiweni na ndani ya mabasi. Mtoto anaambiwa amechaguliwa kujiunga na chuo kabla hajajua kama atapata mkopo wa elimu ya juu wa serikali. Muda ulio kati ya habari hizo mbili ndio unaowaangusha watoto wa maskini.

Shukrani kwanza, maana zinastahili. Tangu 2016 watoto wetu wanasoma bila ada hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi kidato cha sita. Mei Mosi 2021 Rais alitangaza kufuta tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikivimbisha madeni ya wanufaika wa mikopo. Mwaka 2023/24 hata wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele wakaanza kukopeshwa. Leo mtoto wa mkulima anafika kidato cha sita bila mzazi kuuza shamba. Ndiyo maana inauma sana akikwama akiwa tayari ameshika barua ya chuo.

Tazama ratiba yenyewe, Mheshimiwa. Mtihani wa kidato cha sita unafanyika Mei na matokeo hutoka Julai. Katikati hapo vijana wengi wako makambini JKT. Miezi hiyohiyo ndiyo ya kuomba mkopo: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, mdhamini apatikane, serikali ya kijiji isaini, hakimu au wakili agonge mhuri, kisha kila karatasi iskaniwe na kupandishwa mtandaoni. Kwa mtu wa kijijini, hayo ni nauli za kwenda mjini, foleni ya steshenari na ada ya maombi ya shilingi 30,000. Kwa kujinyima, tuliyamudu.

Oktoba ndiyo iliyotushinda. Majina ya waliopangiwa mikopo hutoka kwa awamu, na jina la binti yangu halikuwemo katika awamu ya kwanza. Chuo kilitaka sehemu ya ada, malipo ya usajili, ya mitihani na ya kitambulisho, pamoja na bima ya afya ya shilingi 50,400, ndipo asajiliwe. Hosteli zilikuwa zimejaa, na mwenye nyumba wa karibu na chuo alidai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Huku kwetu wakati huo ndipo minada ya korosho inaanza. Mkulima anafikisha mzigo ghalani kupitia chama cha ushirika (AMCOS), anangoja mnada, kisha anangoja malipo. Mzazi anayedaiwa ada wakati huo ndiye mawindo ya walanguzi wa kangomba: anauza korosho kabla ya mnada, kwa bei ya kutupa, na mwaka mzima wa jasho unaishia hapo.

Sisi tulikopa VICOBA. Binti alifika chuoni wenzake wameshaanza masomo, akalala kwa kubebana kitanda kimoja na mwenzake. Baadaye jina lake lilitoka, mkopo akapata. Maana yake alistahili tangu mwanzo, na fedha zilikuwepo. Rafiki yake waliyemaliza naye shule hakuwa na wa kumkopea. Alisema angejaribu mwaka unaofuata. Sasa anauza katika duka la watu mjini.

Nina maombi matatu. La kwanza, maombi ya mkopo yafunguliwe mwanafunzi akiwa bado kidato cha sita, kabla ya mtihani wa Mei, ili walimu wamsaidie kujaza na nyaraka zihakikiwe mapema. Taarifa nyingi serikali inazo tayari: NECTA inamjua mtahiniwa, TASAF inazijua kaya maskini, RITA inasajili vizazi na vifo. Mifumo hiyo ikisomana, yatima hatalazimika kuzunguka ofisi hadi ofisi kuthibitisha kwamba baba yake alifariki.

La pili, matokeo ya udahili na ya mkopo yatangazwe pamoja. Naweza kuambiwa kwamba kiasi cha mkopo hakijulikani mpaka kozi ijulikane. Ni kweli, lakini uwezo wa familia haubadiliki kwa sababu mtoto amechagua uuguzi badala ya ualimu. Mwombaji aambiwe mapema kama anastahili na kwa kiwango gani. Hesabu ya mwisho ifuate akishapangiwa chuo.

La tatu, mabadiliko hayo yakihitaji muda, toa waraka sasa kwa vyuo vya umma: mwanafunzi anayesubiri awamu nyingine au majibu ya rufaa asajiliwe kwa muda, aingie darasani na afanye majaribio hadi uamuzi wa mwisho utoke.

Sijaomba nyongeza ya bajeti hapa, wala siombi sadaka. Huu ni mkopo, na mwajiriwa anaurejesha kwa kukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Deni ambalo mtoto atalilipa kwa miaka mingi lisimfikie baada ya nafasi aliyokopea kupotea.

Mdogo wake yuko kidato cha tano. Naomba utujibu hadharani kama nilivyokuandikia, useme ni lipi kati ya haya matatu litakuwa limefanyika atakapomaliza kidato cha sita, ili wazazi tujue tunajiandaa na nini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi na mkulima,
Newala, Mtwara