Mgongo wa Punda



Leo tuongee juu ya dodane. Kila shofere anaijua, na kila shofere anaichukia. Unatoka Lubumbashi, unalipa peaji, unasema sasa nitakimbia kidogo mpaka Likasi. Kumbe! Mbele ya kijiji motokari inalia chini, mama aliye nyuma anagonga kichwa, mayai yake yanapasuka. Unasema neno ambalo mkristo hasemi. Mimi pia nilikwisha kulisema.

Malalamiko ya mashofere si ya bure. Dodane nyingine watu wanajijengea wenyewe usiku, kwa udongo na mawe, juu kama kichuguu, pasipo rangi, pasipo kibao. Mtu wa pikipiki akija gizani, anaruka. Mgonjwa anayepelekwa hospitali, ao mama mwenye uchungu wa kuzaa, anateseka. Na mashimo nayo! Unakwepa shimo, unaangukia dodane.

Wenye kujua kazi ya barabara walikwisha kupima jambo hili. Kule Uingereza, katika miaka ya 1970, waliona dodane nzuri ni ile pana: karibu mita 3.7 kwa kuipita, na kimo sentimita 10 tu. Ukienda polepole haikuumizi, ukikimbia inakupiga. Kichuguu cha udongo kinampiga kila mtu, hata mpole.

Sasa sikia. Siku moja nilichelewa kwenda kwenye mazishi. Nikakuta vijana wanarundika udongo katikati ya barabara. Nikashuka na hasira: "Ni nani aliwatuma?" Mmoja akajibu pasipo kelele: "Pasta, hakuna mwenye alitutuma. Mutoto wa dada yangu alikufa hapa, leo siku ya tatu. Kamyo haikusimama hata."

Nilikuwa na Biblia mkononi, na sikupata neno.

Kamyo zenye kubeba shaba na kobalti kwenda Kasumbalesa ni nzito, ninyi munajua. Na motokari ikiongeza mbio mara mbili, freni zinaomba njia mara nne ili isimame. Mtoto anayevuka kwenda kuchota maji hajui hesabu hiyo. Shofere anapaswa kuijua.

Dodane ni neno la Kifaransa, maana yake mgongo wa punda. Kwa hiyo usiku ule nikafungua Hesabu 22. Balaamu alipiga punda wake mara tatu kwa sababu alikataa kwenda mbele. Mguu wake ulibanwa ukutani, akatamani kuwa na upanga ili amwue. Malaika alisimama njiani na upanga wake. Punda alimwona, bwana wake hapana. Nilifundishwa habari hiyo kwenye shule ya Biblia, lakini sikuwaza hata siku moja kwamba Balaamu alikuwa shofere.

Kijana unayeendesha teksi, najua patro anangoja pesa yake kila jioni, na kila dodane inakula dakika na amortisere. Umwambie hivyo, usikimbie mbele ya masomo. Na ninyi wa kandokando ya barabara, musirundike udongo usiku. Muende kwa chefu ao kwa burgumestre, muombe dodane pana, yenye kibao. Akikawia, rudini kwake tena, muende pamoja na wamama.

Ile ya wale vijana haikubomolewa. Tulienda na majembe, tukaipunguza kimo, tukatandaza kando zake, kisha vijana wa kanisa wakapaka mistari ya chokaa ili ionekane usiku. Mvua imefuta chokaa mara mbili. Jumamosi inayokuja, asubuhi, tunapaka tena. Mwenye ndoo alete.