Je, mwenye kupenda hafai kutawala?

Ndugu wasomaji, siku hizi wako vijana wengi, hata wengine waliosoma sana, wanaotoa mifano yao katika mchezo wa televisheni uitwao Game of Thrones. Wanasema: "Mmeona? Mkubwa akipenda, amekwisha. Atakaye kuishi na kutawala, aufunge moyo wake." Neno hilo twalikataa. Tena twalikataa kwa kuutazama mchezo wenyewe, wala si kwa kufumba macho.

Kwanza tuseme jambo moja ili tusigombane bure: mchezo huu si wa watoto. Una uchi mwingi na damu nyingi, na mzazi anayewaacha watoto wake waukodolee macho usiku hatumsifu. Lakini watu wazima wa mataifa mengi wameutazama. Usiku wa mwisho, tarehe 19 mwezi wa tano 2019, katika Marekani peke yake waliutazama watu zaidi ya milioni 19. Kitu kinachofundisha umati kama huo hakifai kuachwa bila jibu.

Waliotunga mchezo ni David Benioff na D. B. Weiss. Waliutoa katika vitabu vya George R. R. Martin, Mmarekani aliyelelewa katika ukatoliki, na kitabu cha kwanza cha mfululizo huo kilitoka mwaka 1996. Vipindi ni 73, tangu 2011. Habari yake ni falme 7 zinazogombania kiti kimoja cha chuma, na huko kaskazini, nyuma ya ukuta wa barafu, maiti wanaamka na kuwajia wazima.

Shahidi mkubwa wa vijana hao ni Robb Stark. Alitangazwa mfalme wa kaskazini, wala hakushindwa vitani hata mara moja. Ili apate kuvuka mto, aliahidiwa njia na mzee Walder Frey, naye akaahidi kumwoa mmoja wa binti za mzee huyo. Halafu akampenda Talisa, mwanamke aliyekuwa akiwafunga majeruhi vidonda, akamwoa kwa siri. Mwaka 2013 malipo yakaja. Arusini, wageni wakiisha kula mkate na chumvi ya mwenyeji, milango ikafungwa. Robb akauawa, na mke wake mwenye mimba, na mama yake pia.

Vijana husema: mapenzi yamemwua. Sivyo hata kidogo! Robb aliuawa na mwenyeji aliyechinja wageni mezani pake. Na mlango wa ubaya ule Robb aliufungua mwenyewe kwa kuvunja ahadi. Kumpenda Talisa halikuwa kosa. Kosa ni kutoa neno leo kwa kupata daraja, na kulimeza kesho daraja likiisha kuvukwa. Angalivunja ahadi ya ng'ombe au ya mashamba, Walder yule yule angalinoa kisu kile kile.

Tena katika kitabu, kilichotoka mwaka 2000, habari ni nyingine. Humo Robb analala na binti mmoja, jina lake Jeyne, kisha anamwoa asimwache katika aibu. Yaani amesimama kati ya heshima mbili, na kila upande una dhambi yake. Hiyo ni shida kweli kweli, ya namna ambayo walimu wetu wa seminari wangaliitia kwa furaha katika mtihani. Watu wa televisheni wakaiondoa, wakaweka mahaba matupu. Twaona walitupa nyama wakabaki na mchuzi.

Na baba yake, Ned? Yeye alikufa mwaka 2011, mchezo ukiwa bado mchanga. Alijua ya kuwa watoto wa malkia Cersei si wa mfalme. Akamjulisha malkia mwenyewe, ili apate nafasi ya kukimbia na wanawe kabla ya mfalme kupata habari. Huruma ile ikampa adui nafasi, na Ned akakatwa kichwa. Ni kweli, huruma ilimgharimu. Lakini ni nani aliyetuambia ya kuwa mkubwa mwema hafi? Yoane Batista alikatwa kichwa vile vile, na Herode akabaki kitini. Je, tumfuate Herode kwa sababu alibaki hai?

Sasa tumtazame Daenerys, mama wa majoka. Yeye ndiye aliyefanya kama vijana wetu wanavyoshauri. Mwaka 2016, akiondoka kwenda kutafuta kiti, alimwacha Daario, mwanamume aliyekuwa naye, ili abaki huru kuolewa kwa faida ya ufalme. Wala hakulia, hata alishangaa kwa nini hana uchungu. Basi, kuufunga moyo kulimfaa nini? Mwaka 2019, kengele za mji zikiisha kulia kuonyesha kwamba watu wamejisalimisha, aliuteketeza mji pamoja na wanawake na watoto wake. Tena ubaya huo haukuota siku ile. Mwaka 2014 alikuwa amewatundika msalabani mabwana 163 wa Meereen bila kuuliza ni yupi mwenye hatia na yupi hana, na watazamaji wakampigia makofi, kwani mabwana wale walikuwa wametundika watoto watumwa hesabu ile ile. Tyrion, mshauri wake, alisema hivyo mwenyewe akiwa kifungoni: tulimshangilia alipoua waovu, naye akazidi kujiona mwema. Hapo mchezo ulisema kweli.

Jon Snow akamchoma kisu huku amemkumbatia. Wapinzani wetu hufurahi hapo: tazama, asema mmoja, wajibu umeshinda mapenzi! Lakini Tyrion alimgeuza Jon kwa neno gani? Alimkumbusha dada zake, ambao hawatampigia magoti malkia yule. Jon aliacha mapenzi moja kwa ajili ya mapenzi mengine. Hakuna mtu asiyependa katika chumba kile.

Yupo mmoja tu asiyependa, naye ndiye aliyepewa ufalme. Wakubwa wa nchi walipokutana kuchagua, Tyrion alimtaja Bran Stark, mlemavu wa miguu, ajuaye mambo yote yaliyopita. Sifa yake mojawapo, alisema, ni kwamba hawezi kuzaa, kwa hiyo hatawaachia watu mtoto mbaya wa kuwatawala. Kuacha urithi wa kiti ni shauri jema, hatubishi. Lakini mtu huyo mwenyewe alikuwa amekiri kwamba siku hizi hatamani kitu. Basi mkutano ukaona ni vema: mtu asiye na haja, asiye na mke, asiye na mwana, asiye na machozi, ndiye mfalme!

Hapo ndipo tunapogombana na watungaji. Ni nani aliyemweka Bran hai? Alipotupwa dirishani na mwuaji akaja kitandani, mama yake alikishika kisu kwa mikono mitupu. Hodor alimbeba mgongoni miaka mingi, akafa mwaka 2016 akiushikilia mlango ili yeye apone. Meera alimkokota thelujini, baada ya kaka yake Jojen kufa kwa ajili ya safari ile. Theon alikufa mbele yake. Kiti cha mfalme huyo kimesimama juu ya mapenzi ya watu wengine, naye Meera alipomwaga mwaka 2017, alipata "asante" baridi kama jiwe la mtoni.

Wanaotafuta kujua kwa nini fulani alipona na fulani akafa, wahesabu hivi: nani alipendwa na nani. Samwell Tarly, mwoga, mnene, alipona pamoja na Gilly na mtoto. (Aliahidi kutooa, kisha akawekwa katika cheo cha wasomi ambao nao hawaoi, mchezo haukutueleza neno.) Ni huyo Samwell aliyesema katika mkutano kwamba watu wote wachague mfalme. Wakubwa wakacheka. Wakacheka, ndugu wasomaji, na mji ungali majivu!

Sisi makatekista tuna wake na watoto, nasi tunaongoza jumuiya. Huko Kinshasa, Kardinali Malula aliwaweka walei wenye ndoa kuongoza parokia tangu 1975, nao huitwa bakambi. Padri naye haachi kuoa ili apungukiwe mapendo. Asiyependa mtu hata mmoja nyumbani mwake, atawajuaje wenye njaa wa kijiji kizima?

Mwaka 2019 watazamaji zaidi ya milioni moja walitia majina yao katika ombi la kwamba sehemu ya mwisho itungwe upya. Sisi tungaliomba kitu kidogo tu: Meera aitwe katika mkutano ule, aulizwe kama mtu huyu anafaa kuwa mfalme, kabla ya wakubwa kukubali.